Umaskini wa Vijijini Haupimwi kwa Magunia

Januari 2025 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Kampala wakapitisha tamko jipya la kilimo, pamoja na mkakati wa miaka kumi, 2026 hadi 2035. Tarakimu iliyoshika vichwa vya habari ni moja: uzalishaji wa chakula na mazao uongezeke kwa asilimia 45. Pembeni yake yapo malengo mengine mazito, ya kupunguza kwa nusu mazao yanayopotea baada ya mavuno, kuongeza mara tatu biashara ya mazao baina ya nchi za bara hili, na kukusanya uwekezaji wa dola bilioni 100. Sasa nchi moja moja zinapaswa kuandika mipango yao ya utekelezaji, na mjadala umegawanyika. Kuna wanaoshangilia kwamba tukivuna zaidi, vijiji vitatoka kwenye umaskini. Na kuna wanaobeza kwamba jembe halijawahi kumtoa mtu popote, hivyo fedha zipelekwe viwandani na mijini. Kwa maoni yangu, wote wameshika mwisho usio wenyewe. Kilimo kimewatoa mamilioni ya watu kwenye ufukara pale kilipopandisha thamani ya siku moja ya kazi ya mtu maskini, awe analima shamba lake au analima kibarua kwa mwenzake. Pale kilipopandisha tani peke yake, maghala yalijaa na maskini wakabaki walipokuwa. Kwa hiyo mipango hii ya kitaifa ningeiuliza swali moja kabla ya mengine yote: anayeingia shambani alfajiri na kutoka jua la utosi, siku hiyo itamlipa nini zaidi ya ilivyomlipa msimu uliopita?

Tuangalie kwanza maskini ni nani. Benki ya Dunia ilipochambua mwaka 2016 sura ya watu wanaoishi kwenye umaskini uliokithiri, ilikuta wanne kati ya kila watano wako vijijini, na karibu theluthi mbili ya watu wazima wenye kazi kati yao wako kwenye kilimo. Juni 2025 benki hiyo ilipandisha mstari wa umaskini huo kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa siku, na idadi ya walio chini ya mstari ikawa takriban watu milioni 808. Mstari umesogezwa, lakini hakuna ushahidi kwamba ufukara umehama kijijini. Ndiyo sababu ripoti ya benki hiyohiyo ya mwaka 2008 kuhusu kilimo na maendeleo imenukuliwa mno, hasa pale iliposema kwamba ukuaji wa uchumi unaotokana na kilimo hupunguza umaskini angalau mara mbili zaidi ya ukuaji unaotoka kwenye sekta nyingine. Wanaoinukuu wengi huishia kwenye hiyo “mara mbili” na kuacha sababu yake. Kilimo kina nguvu hiyo kwa kuwa ndiko nguvu kazi ya maskini iliko. Tafiti zilizofuata ziliongeza jambo ambalo lingepaswa kututia tahadhari: faida hiyo ni kubwa zaidi kwa walio fukara kabisa, na hufifia pale ardhi inapokuwa mikononi mwa wachache. Hakuna muujiza ndani ya mbegu wala mbolea. Kinachoamua ni nani anayelima na anabaki na nini.

Tamko la Kampala pia si la kwanza. Mwaka 2003 huko Maputo nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo na kukikuza kwa asilimia 6 kwa mwaka. Mwaka 2014 huko Malabo ziliongeza ahadi ya kumaliza njaa ifikapo 2025. Zikakubali pia kupimwa kila baada ya miaka miwili, jambo la kupongezwa, maana serikali chache duniani hujianika hivyo kwa hiari. Mapitio ya kwanza yalikuta nchi 20 zikiwa kwenye njia ya kutimiza ahadi hizo. Ya pili yalikuta 4, ya tatu yakakuta Rwanda peke yake, na ya nne hayakukuta hata moja. Ni kweli vigezo vilikuwa vikikazwa kila awamu, na katikati yakaja maradhi ya korona na kupanda kwa bei ya mbolea. Hata hivyo, mwelekeo ule unauma. Kuongeza tarakimu juu ya tarakimu bila kuuliza kwa nini zile za awali hazikugusa maisha ya watu ni kurudia njia ileile kwa mwendo wa kasi zaidi. Tamko jipya, kwa haki yake, linagusa pia umaskini na usawa. Ila bajeti huandikwa kufuata kinachohesabiwa kwa urahisi, na tani ndizo rahisi kuhesabu.

Mfano wa China hutajwa sana, mara nyingi kwa namna inayoficha kilichotokea. Desemba 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, walitia saini kwa siri makubaliano ya kugawana ardhi ya ushirika, kila kaya ilime sehemu yake, ipeleke fungu la serikali na kubaki na ziada. Kufikia 1984 karibu nchi nzima ilikuwa inalima kwa utaratibu huo. Ardhi ilikuwa ileile na watu walewale. Kilichobadilika ni kwamba mtu akiongeza saa moja ya palizi, matunda ya saa hiyo yanaingia nyumbani kwake. Watafiti wamekadiria kuwa mabadiliko hayo peke yake yanaeleza karibu nusu ya ongezeko la mavuno kati ya 1978 na 1984. Sambamba na hilo, mwaka 1979 serikali ilipandisha kwa asilimia 20 bei ya kununulia nafaka ya fungu lake, na kwa nafaka iliyozidi fungu hilo ikalipa nusu zaidi ya bei hiyo. Umaskini uliokuwa asilimia 53 ya watu mwaka 1981 ulishuka hadi asilimia 8 mwaka 2001, na karibu nusu ya anguko lote ilitokea ndani ya miaka michache ya mwanzo, kabla viwanda vya pwani havijaanza kumeza wafanyakazi kwa mamilioni. Ardhi iligawanywa kwa hesabu ya vichwa na mikono ndani ya kaya, kwa hiyo bei ilipopanda haikumpandia bwana shamba mmoja na kuwapita mia wasio na chochote.

Bangladesh inafundisha zaidi, kwa sababu huko mamilioni ya watu wa vijijini hawana ardhi kabisa au wana kipande kisichotosha kuwalisha. Kwa hesabu ya tani, mtu asiye na shamba hana lake katika kilimo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya kuingiza injini ndogo za kupampu maji, na visima vifupi vya bomba vikasambaa mashambani. Mpunga wa kiangazi, unaoitwa boro, ukageuza miezi iliyokuwa ya kukaa bure kuwa miezi ya kupandikiza, kumwagilia na kuvuna. Kazi ikaongezeka hapohapo kijijini. Baadaye viwanda vya nguo mijini na safari za kwenda kufanya kazi Ghuba vikavuta vijana, na mwenye shamba akalazimika kulipa zaidi ili apate vibarua. Kati ya mwaka 2000 na 2010 umaskini wa nchi hiyo ulishuka kutoka asilimia 48.9 hadi 31.5, na uchambuzi ulionyesha kuwa kichocheo kikuu kilikuwa kipato cha kazi, ndani na nje ya shamba. Wachumi wa huko wana kipimo ninachokipenda sana: wanauliza ujira wa kutwa unanunua kilo ngapi za mchele. Ujira ukipanda na mchele nao ukapanda vilevile, hakuna aliyepata kitu. Kilo zikiongezeka, umaskini unarudi nyuma.

Upande wa pili wa mizani iko Malawi. Mwaka 2005, baada ya ukame, nchi hiyo ilivuna takriban tani milioni 1.2 za mahindi na watu karibu milioni 5 wakahitaji msaada wa chakula. Serikali ikaanzisha mpango mkubwa wa ruzuku ya pembejeo: kaya iliyochaguliwa ilipewa kuponi za mifuko miwili ya mbolea ya kilo 50 pamoja na mbegu. Mwaka uliofuata mavuno rasmi yalizidi mara mbili, na 2007 yakapita tani milioni 3. Nchi iliyokuwa ikiomba chakula ikauza nje. Sifa zilimiminika, na nyingine zilistahili, kwani familia nyingi zilikula ambazo zisingekula. Kisha zikaja takwimu za kaya. Umaskini wa taifa ulikuwa asilimia 52.4 mwaka 2004/05 na asilimia 50.7 mwaka 2010/11. Vijijini, mahali hasa palipopelekwa mbolea, ulitoka asilimia 55.9 ukafika 56.6. Mavuno mara mbili, ufukara uleule. Wapo waliotilia shaka makadirio ya mavuno yenyewe, hasa bei ya mahindi ilipopaa mwaka 2008 wakati vitabu vinaonyesha ziada. Lakini hata tukiyapunguza makadirio hayo kwa kiasi kikubwa, bado tunabaki na ongezeko la chakula ambalo halikugeuka kuwa ongezeko la kipato. Zambia nayo ilijaza maghala kwa mahindi ya ruzuku mwanzoni mwa muongo uliofuata, na mwaka 2015 umaskini wa vijijini ulikuwa bado asilimia 76.6.

Kwa nini inakuwa hivyo? Tufanye hesabu ndogo kwa kutumia lengo la Kampala lenyewe. Chukua mkulima anayevuna magunia kumi na kuyauza yote. Mavuno yanapanda kwa asilimia 45, sasa ana magunia kumi na manne na nusu. Lakini mavuno ya majirani zake wote nayo yamepanda kwa asilimia 45, barabara ya kwenda soko la mbali ni mbovu, na wanunuzi wanaofika kijijini ni wawili watatu wanaojuana. Bei inaanguka kwa asilimia 30, jambo la kawaida kabisa baada ya mavuno mazuri mahali palipofungiwa. Zidisha 1.45 kwa 0.70 upate 1.015. Mapato yameongezeka kwa asilimia moja na nusu, kabla hajalipa mbolea, mbegu, magunia ya ziada na vibarua waliomsaidia kuvuna. Akishavilipa hivyo, amefanya kazi kubwa zaidi kwa kipato kidogo zaidi. Ni kweli kwamba bei ikishuka wapo wanaofaidi, na miongoni mwao ni maskini, kwa kuwa wakulima wadogo wengi hununua chakula kingi kuliko wanachouza. Sitaki kulipuuza hilo. Kwa mjane anayenunua unga, bei ndogo ni nafuu ya kweli. Nafuu hiyo, hata hivyo, humfikia tu kama ana kazi inayomwingizia fedha ya kununulia, na kazi hiyo mara nyingi ni kibarua kwenye shamba la yule ambaye bei imemwangusha. Ndiyo maana siwezi kuitenga bei na ujira, wala ujira na barabara.

Na hapa ndipo inapofaa kuingia shambani tuone mambo yanavyokwenda. Malawi na mashariki mwa Zambia kibarua cha muda mfupi huitwa ganyu. Mvua zimenyesha, mahindi yamefika magotini, magugu yanapanda, na ghala la nyumbani limeisha tangu mwezi uliopita. Hizi ndizo wiki ambazo shamba linahitaji jembe kuliko wakati wowote, maana palizi ikichelewa mavuno yanapungua na hakuna mbolea itakayoyarudisha. Na hizi ndizo wiki ambazo familia maskini inatoka kwenda kupalilia shamba la mwingine, ipate unga wa jioni. Shamba lake linasubiri. Kwa kuwa kaya nyingi zina njaa wiki zilezile, wanaotafuta ganyu ni wengi na ujira unashuka. Mwenye nacho anapata palizi ya bei rahisi kwa wakati wake, na asiye nacho anapalilia kwake akiwa amechelewa, anavuna kidogo, na ghala linaisha mapema tena mwaka unaofuata. Watafiti walifanya jaribio wilayani Chipata, Zambia, wakazikopesha kaya fedha kidogo au unga katika miezi hiyo ya njaa, zilipe baada ya mavuno. Waliokopa walipunguza ganyu wakashinda kwenye mashamba yao, mavuno yao yakaongezeka, na hata ujira wa vibarua kijijini ukapanda, kwa sababu wenye mashamba sasa walikuwa wanagombania vibarua wachache zaidi. Hapakuwa na mbegu mpya wala mbolea ya ziada. Unga uliokuja kwa wakati uliipandisha thamani ya siku ya kazi.

Jaribio jingine, magharibi mwa Kenya, liligusa mwisho wa msimu. Kwa kawaida mkopo wa kilimo hutolewa wakati wa kupanda. Huko walitoa mkopo wakati wa kuvuna, wakati ambao mkulima mwenye ada ya shule na madeni hulazimika kuuza mahindi yote kwa bei ya kutupa, kisha miezi sita baadaye kuyanunua tena kwa bei ya kuumiza. Aliyepata mkopo aliyahifadhi na kuuza bei ilipopanda, na faida ikabaki kwake. Kilichonivutia zaidi ni kwamba pale ambapo wengi walikopa, bei ya soko zima ilitulia, hivyo hata ambao hawakukopa walipata ahueni. Ukiongeza hapo mifuko ya tabaka tatu, ile ambayo Tanzania inajulikana kama kinga njaa, inayowaua dumuzi kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote, unaona jinsi lengo la Kampala la kupunguza upotevu linavyoweza kugeuka kipato. Ghala bila fedha ya kujikimu halimsaidii mtu anayedaiwa leo. Atayatoa mahindi hata kama mfuko ni mzuri namna gani.

Sasa nirudi kwa wanaobeza kilimo, kwa sababu hoja yao bora ina nguvu na inastahili jibu la heshima. Wanasema hakuna nchi iliyotajirika huku watu wake wengi wakiwa wakulima. Kusini mwa Sahara karibu nusu ya wafanyakazi wako kwenye kilimo lakini wanazalisha chini ya robo ya pato la taifa, kwa hiyo kumhamisha mtu kutoka shambani kwenda kazi nyingine ni kumwongezea kipato moja kwa moja. Nakubaliana nao kuhusu mwisho wa safari. Sikubaliani nao kuhusu mwanzo. Taiwan, ambayo wote tunaifahamu kwa viwanda, ilianza mwaka 1949 kwa kuwekea kikomo kodi ambayo mpangaji humlipa mwenye ardhi, isizidi asilimia 37.5 ya zao kuu, na mwaka 1953 ikawauzia wapangaji ardhi waliyokuwa wakiilima. Kaya za vijijini zilizobaki na fedha mkononi ndizo zilizonunua bidhaa za viwanda vya kwanza na kusomesha watoto waliokuja kuviendesha. Anayetoka kijijini akiwa na elimu, akiba na shamba nyuma yake huenda mjini kutafuta kazi nzuri. Anayetoka kwa sababu ganyu halilipi huenda kutembeza bidhaa mkononi, akiongeza umati wa wanaogombania wateja walewale. Wote wawili takwimu zitawaandika kuwa wameacha kilimo. Na hata mwajiri wa mjini hupanga mshahara wake kwa kutazama kijijini, kwa kuwa siku ya kazi huko ikilipa vibaya, watu watakubali chochote watakachopewa mjini.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo hata hivyo husikika kwa sauti kubwa katika kumbi za uwekezaji, ni ile inayosema mkulima mdogo ameshindwa, ardhi wapewe wenye mitambo. Historia imeshaijaribu mara nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, Kongwa ikiwa kituo cha kwanza, kwa nia ya kusafisha na kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa matrekta. Visiki na mibuyu vilivunja mitambo, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji mvua ilipokatika, na mvua yenyewe haikuwa ya kutegemewa, jambo ambalo wenyeji wangelieleza kama wangeulizwa. Mradi ulifutwa Januari 1951 ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36. Watetezi wa leo watasema teknolojia imebadilika, na ni kweli yapo mashamba makubwa yanayolimwa kwa ustadi na faida. Lakini swali letu ni umaskini wa vijijini. Shamba la maelfu ya hekta linaloendeshwa na madereva wachache linaweza kupandisha mauzo ya nje huku likipunguza siku za kazi katika tarafa nzima, na kama limekalia malisho na mashamba ya watu, limewaongezea majirani zake ufukara.

Ila nao wanaomtetea mkulima mdogo wakati mwingine hutumia hoja isiyoshika. Husema wakulima wadogo wanalisha asilimia 70 ya dunia. Hesabu makini zaidi zinaonyesha kuwa mashamba ya chini ya hekta mbili ni asilimia 84 ya mashamba yote duniani, yana takriban asilimia 12 ya ardhi ya kilimo, na hutoa karibu asilimia 35 ya chakula. Hilo ni kubwa vya kutosha, halihitaji kutiwa chumvi. Husema pia kwamba shamba dogo hutoa mavuno mengi zaidi kwa ekari, jambo lililoonekana katika takwimu za India tangu miaka ya 1960. Mara nyingi ni kweli, lakini tujiulize kwa nini. Sehemu kubwa ya siri hiyo ni kwamba familia humwaga siku nyingi za kazi kwenye kipande kidogo kwa kuwa haina pengine pa kuzipeleka. Ekari imefanya vizuri, na mwanamke aliyeinama juu yake miezi minne amepata malipo ambayo hakuna mwajiri angethubutu kuyatangaza. Mavuno kwa ekari yanaweza kusifiwa huku yakiwa yamelipiwa na jasho la bure, na jasho hilo kwa sehemu kubwa ni la wanawake.

Kati ya pande hizo kuna wanaodai ruzuku ya mbolea ndiyo jibu, na Mei 2024 mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu mbolea na afya ya udongo, uliofanyika Nairobi, uliahidi kuongeza mara tatu uzalishaji na usambazaji wa mbolea iliyothibitishwa ndani ya miaka kumi. Udongo uliochoka unahitaji kulishwa, hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya kile kinachoachwa ili ruzuku ilipwe. Kuna miaka ambayo ruzuku ya Malawi ilichukua zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara ya kilimo, na utafiti na ugani vikabaki kugombania makombo. Mfuko wa urea kwenye udongo wenye asidi usiotiwa chokaa hauzai unachopaswa kuzaa, na wa kumwambia mkulima hivyo ni afisa ugani ambaye hana pikipiki wala mafuta. Watafiti wa IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, walipolinganisha matumizi ya serikali nchini India, China na Uganda, utafiti wa kilimo na barabara za vijijini vilionekana tena na tena kati ya matumizi yanayopunguza umaskini zaidi, na India ruzuku zilikuja nyuma sana. Ethiopia, ambako umaskini ulishuka kutoka asilimia 44.2 mwaka 2000 hadi 29.6 mwaka 2011, ilitumia mbolea pia, lakini iliitanguliza na maafisa ugani kwa maelfu, barabara, na mpango wa kuzikinga kaya maskini dhidi ya njaa ulioanza 2005. Tathmini ya Benki ya Dunia ilikuta kuwa kilimo kilichangia sana anguko hilo, na kuwa mbolea ililipa pale mvua ilipokuwa nzuri na soko lilipokuwa karibu. Ruzuku ni rahisi kuipenda kisiasa, kwa sababu kuponi ina jina la mtu na inafika kabla ya uchaguzi. Barabara ya changarawe yenye kalavati zuri inamfaidi hata asiyepiga kura, na hakuna anayekumbuka nani aliijenga.

Ikiwa hoja hii inasimama, mipango inayoandikwa sasa ibadilike kwa njia zinazogusa fedha. Wizara zianze na miezi ya njaa: mikopo midogo ya chakula au fedha wakati wa palizi, na mingine wakati wa mavuno, ni rahisi kuliko kuagiza mbolea kwa meli. Umwagiliaji mdogo uhesabiwe kwa siku za kazi unazoongeza kiangazi, kwa kuwa kusini mwa Sahara ardhi inayomwagiliwa ni chini ya asilimia 10 ya inayolimwa, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mikono ya kijiji haina pa kuchumia. Mwekezaji anayeomba hekta elfu tano aulizwe ataajiri watu wangapi, miezi mingapi, kwa ujira gani, na majibu yake yaingie kwenye mkataba. Mipaka inayofungwa ghafla kila bei inapopanda iachwe wazi, maana lengo la kuongeza biashara mara tatu halina maana kama mkulima aliyepanda kwa kutegemea soko la jirani analikuta limefungwa siku ya kuvuna.

Na kipimo kibadilike. Takwimu za umaskini wa kaya hutoka kila baada ya miaka kadhaa, na zinapotoka waziri aliyeandika mpango ameshahamishwa. Ujira wa kutwa unaweza kujulikana kila mwezi. India inao utaratibu wa kukusanya na kutangaza ujira wa kazi za mashambani mwezi kwa mwezi, kwa kazi moja moja: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna. Nchi nyingi za Afrika tayari zinatuma watu sokoni kuandika bei ya nafaka. Mtu huyohuyo anaweza kuuliza, siku hiyohiyo, kibarua cha palizi kinalipa kiasi gani wiki hii kwa wanaume na kwa wanawake, na wizara ikagawanya kwa bei ya kilo ya nafaka. Matokeo yake ni jedwali la ukurasa mmoja kwa kila wilaya, linaloonyesha siku ya kazi ilinunua kilo ngapi Januari na kilo ngapi Julai. Jedwali hilo liingizwe kwenye mapitio ya kwanza kabisa ya mkakati wa Kampala, kabla nchi hazijazoea tena kuripoti tani peke yake.